Picha ya Thelathini na Sita

Mbacha ni mkeka mkuukuu wa kuswalia. Umefumuka pembeni, rangi zimekwisha, lakini ni wako, na upo pale unapouhitaji. Msala ni mpya, bado unanukia ukindu, ila umo begani mwa mtu mwingine na mwenyewe anapita zake. Wahenga walionya kwamba anayeutupa wa kwanza akaukimbilia wa pili huishia kupiga magoti mchangani. Sisi wa Shinyanga wengi wetu tumekulia juu ya ngozi za ng'ombe, na labda ndiyo sababu methali hii tunaikariri darasani, tunapewa alama zetu, kisha tunaisahau kabla ya kufika nyumbani. Stanslaus Maganga aliieleza vizuri kuliko wote katika mtihani wake wa darasa la nane. Alipata alama zote, na zikamfaa nini?

Mwaka 1972 Stanslaus na mwenzake Herman Ngassa, vijana wawili wa Ibadakuli, walipata nafasi ya kwenda kusoma katika mji wa Kiev, nchi ya Wasovieti. Stanslaus alikwenda kusomea mitambo ya umeme ili arudi kufanya kazi katika jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba. Herman alikwenda kusomea mawe, na kila aliyemuuliza alimjibu kuwa siku moja atakwenda Geita kuipiga hodi dhahabu mlangoni kwake. Walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Walichunga pamoja, walichapwa pamoja, na hata kipaimara walikipokea siku moja.

Siku ya safari, mama yake Herman aliwasindikiza mpaka stesheni. Jina lake Nyamizi, lakini tangu ajifungue hakuna aliyemwita hivyo. Alikuwa Mama Herman, mjane mwenye mtoto mmoja. Kabla garimoshi halijaondoka alimshika Stanslaus mkono.

"Stanslaus, ng'wanawane," alisema, akimwita mwanangu kwa Kisukuma, "wewe unapenda mashine, huko hutakosa kupata kamera. Nipigie mwanangu picha moja tu. Nimwone mashavu, nijue kama anakula."

"Moja tu, mayu? Nitakuletea mia!" alijibu Stanslaus, naye akimwita mama kwa lugha hiyo hiyo, na mama akacheka.

Hakuwa akiomba anasa. Nyumbani kwake hapakuwa na picha ya Herman hata moja. Ile ya pasipoti ilipigwa Dar es Salaam katika pilikapilika za safari, ikabandikwa kwenye pasipoti na ikapanda ndege pamoja na mwenyewe.

Huko Kiev, Stanslaus alikutana na kitu kilichomteka akili. Palikuwa na mabasi yasiyotoa moshi wala kunguruma. Juu ya paa kila basi lilikuwa na vyuma viwili virefu vilivyoelekezwa nyuma kama pembe za ng'ombe anayekimbia, navyo viligusa nyaya mbili zilizotandazwa juu ya barabara nzima, vikanyonya umeme. Basi lilipokaribia, nyaya zilianza kuimba kabla hujaliona lenyewe. Wenyeji waliyapanda bila kuyatazama, kama sisi tunavyopanda baiskeli. Wanawake walipanda na vikapu vya viazi, wazee na magazeti yao, wanafunzi walisinzia dirishani. Stanslaus alisimama kando ya barabara mdomo wazi. Enyi macho, mlikuwa mmefichwa nini!

Alijinyima akanunua kamera aina ya Zenit. Tangu hapo kila Jumapili ilikuwa ya mabasi ya umeme. Si mabasi ya maonyesho, la hasha. Aliyataka kazini, yakiwa na tope kwenye matairi, yakisimama vituoni, yakipinda kona, dereva akishuka kurudisha pembe zilizochomoka kwenye nyaya. Aliweka daftari la namba zao. Njia namba tano ilikuwa na magari thelathini, kuanzia 401 hadi 430, naye aliapa kuyapiga picha yote, moja baada ya jingine, kama mchungaji anayehesabu kundi lake jioni.

Herman hakuwa na habari na mabasi. Hata hivyo kila Jumapili alitoka bweni lake upande wa pili wa mji akaenda kumbebea mwenzake mkoba. Wakati wa baridi aliiweka kamera ndani ya koti lake, kifuani, isigande, na mwenyewe akatetemeka. Siku askari wa barabarani walipotaka kujua kwa nini Mwafrika anapiga picha za magari ya serikali, ni Herman aliyesimama mbele na kuwachekesha mpaka wakawaachia. Na malipo yake? Stanslaus alikuwa na desturi moja asiyoivunja: hakubonyeza kamera mpaka watu wote wapite, gari libaki peke yake, safi, bila mguu wala kofia ya mtu.

"Sogea kidogo, nkoi, unaingia," alikuwa akimwambia. Nkoi ni rafiki. Herman alikuwa akisogea.

Barua za Mama Herman zilikuja, zimeandikwa na katekista, na kila moja iliuliza habari za picha. Stanslaus alijibu, "Jumapili ijayo." Wanafunzi wengine walimshauri Herman aende studio, akapigwe picha amalize. Alikataa. "Mimi nina mpiga picha wangu," alisema kwa majivuno kabisa.

Hivyo ndivyo miaka minne ilivyokwisha. Mwezi Juni 1976 masomo ya Stanslaus yalimalizika. Ya Herman yalibakiza mwaka mmoja. Juma la mwisho Herman alikuja na filamu mpya aliyoinunua mwenyewe.

"Humu mna picha thelathini na sita," alisema. "Thelathini na tano ni zako na ng'ombe zako za umeme. Moja ni ya mama. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," alisema Stanslaus, na moyoni alikuwa anasema kweli.

Jumapili ilipofika, Herman alitokea akiwa amevaa suti ya kuazima na tai nyekundu. Walizunguka tangu asubuhi. Kufikia alasiri Stanslaus alikuwa na magari ishirini na tisa ya njia namba tano katika daftari lake. Lililobaki lilikuwa 417 peke yake, gari ambalo kwa miaka minne hakuwahi kuliona. Wengine walimwambia liko gereji, wengine walisema lilikwisha kukatwa vyuma. Kwenye kamera ilibaki picha moja.

"Basi, zamu ya mama," alisema Herman. Akasimama chini ya mti kando ya kituo, mikono ubavuni, kifua mbele, kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Stanslaus akapiga goti. Akamweka katikati ya kioo. Akapima mwanga. Kidole kilikuwa tayari kimegusa kitufe.

Nyaya zikaanza kuimba.

Aligeuza kichwa tu, atazame, basi. Gari lilikuwa linapinda kona, limepakwa rangi upya, jekundu chini na jeupe juu, pembe zake zimenyooka, na usoni limeandikwa 417. Stanslaus hakuamua. Ningependa kuwaambia kwamba alishindana na nafsi yake, lakini hakushindana na chochote. Mwili wote uligeuka na kamera ikageuka nao, na kidole kikabonyeza. Alipojaribu kuvuta filamu mbele, iligoma. Ilikuwa imekwisha.

417 lilichukua abiria wake, likaenda zake.

Herman alikuwa bado amesimama vilevile, mikono ubavuni. Alikuwa ameona kila kitu. Tabasamu lake lilikaa kidogo usoni bila kazi, kisha likaondoka. Aliifungua tai, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Nkoi, nisamehe, sijui nili..." alianza Stanslaus.

"Ah, wewe na magari yako!" Herman alicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. "Nitakuja mwenyewe mwakani, anione mzimamzima. Mwambie mama mashavu yapo."

Hakusema neno baya hata moja. Afadhali angelisema.

Stanslaus alirudi Shinyanga mwezi Julai na mikanda yake yote ya filamu. Mjini palikuwa na studio ya mzee Jashvant, Mhindi mtulivu mwenye miwani minene, ambaye alikuwa amewapiga picha nusu ya maharusi wa wilaya. Alizisafisha filamu zile kwa siku kadhaa, kisha akamwita Stanslaus ndani.

"Stanslaus, mji huu hauna watu?" aliuliza.

"Wapo, mzee. Nilisubiri wapite."

"Mimi hapa nakaa kutwa nasubiri watu waje, wewe unasubiri waondoke. Haya, kila fundi na ufundi wake. Zimetoka safi sana."

Aliweka kumi dirishani pa studio, na mji ukafurika. Watu waliotoka Kahama kuuza mpunga walishuka kwenye mabasi yao ya vumbi wakasimama kutazama mabasi yasiyokula dizeli. Walimu walimwalika Stanslaus shuleni. Jineri nzima ilimwita Bwana Umeme. Naye alivimba kichwa, akaeleza habari za nyaya na pembe mpaka sauti ikamkauka. Picha iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya 417.

Mama Herman alimwacha apumzike majuma mawili kabla ya kwenda kumwona. Hiyo ndiyo adabu yake. Alifika amejitanda khanga mpya.

"Shikamoo, mayu," alisema Stanslaus.

"Marahaba, ng'wanawane. Umerudi salama, Mungu ashukuriwe. Mwenzako hajambo?"

"Hajambo sana. Anakusalimu. Anasema mashavu yapo."

Mama alicheka, akaifuta mikono yake kwenye khanga, akaikunjua mbele ya Stanslaus kama mtu anayepokea komunyo. "Basi nipe."

Hapo ndipo angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi tu: Sikumpiga, mama, nisamehe. Lakini alikuwa Bwana Umeme, na nje palikuwa na majirani wawili wakisubiri kuzitazama picha. Uongo ulimtoka bila kuusukuma.

"Nilimpiga, mama. Ila kwa bahati mbaya ile yake iliungua. Mwanga uliingia, kule kwa Jashvant, wakati anasafisha."

Mikono ya mama ilikaa wazi kidogo, kisha akaifumba. "Maskini mzee wa watu," alisema. "Kazi za mikono hazikosi ajali. Usimgombeze."

Mama hakumgombeza mtu, lakini majirani wana masikio. Kabla ya mwezi kwisha, wanawake wa parokia walikuwa wakiambiana wasipeleke watoto wa komunyo ya kwanza kwa Jashvant, anaunguza picha. Stanslaus alilisikia neno hilo kisimani, akalisikia kanisani, akalisikia jinerini. Akaanza kupita njia ya nyuma ili asipite mbele ya studio. Hakulikanusha hata siku moja.

Mwezi Novemba ikaja simu ya maandishi, na baada yake barua ya wanafunzi wenzake. Baridi ilipoanza, Herman alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa siku sita, akafariki. Walimzika huko huko.

Sitaeleza kilio cha Mama Herman. Aliyewahi kusikia mama akimlilia mtoto bila maiti ya kuosha anajua, na asiyewahi Mungu amwepushie. Siku ya tatu ya msiba padre alisema misa ya marehemu itasomwa Jumamosi. Mama akamwita Stanslaus, aliyekuwa akihangaika kupanga viti ili asikae karibu naye.

"Padre amesema niweke kitu chake juu ya meza, mbele ya altare," alisema kwa sauti iliyokwisha. "Nguo zake zimebaki huko. Pasipoti, wanasema itachukua miezi kuipata. Nipe ile picha."

"Mama, iliungua..."

"Najua iliungua. Nipe hiyo hiyo iliyoungua. Hata kama kimebaki kivuli, ni kivuli cha mwanangu."

"Ilitupwa, mama," alisema Stanslaus, na safari hii hata yeye mwenyewe aliusikia uongo wake unavyonuka.

Mama hakukata tamaa. Alimtuma kaka yake, Ignas, mjini kwa Jashvant, akaulize kama kimesalia kipande chochote.

Ijumaa alasiri Jashvant alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Msiba ulikuwa umejaa. Wanaume uani, wanawake barazani wakimzunguka mfiwa. Wanawake walipomwona walianza kunong'ona. Alivua kofia, akatoa pole kwa mama kwa mikono miwili, kisha akatoa bahasha nene.

"Mama Herman," alisema, "nimepata ujumbe wako. Kwa miezi mitatu sasa nasikia watu wanasema niliunguza picha ya mwanao. Sikubisha. Nilijiambia, labda nimezeeka, macho yamepungua, labda niliharibu bila kujua. Nimekuwa sipati usingizi. Jana na leo nimekaa na kioo cha kukuzia, nimezipitia nakala zote nilizobaki nazo, mkanda kwa mkanda, picha kwa picha." Aliiinua ile bahasha. "Hakuna iliyoungua hata moja, mama. Zote safi. Mwanao hayumo."

Vichwa vyote viligeuka upande mmoja. Stanslaus alikuwa amesimama karibu na vyungu, ameshika kiti. Pa kutokea palikuwepo. Angeweza kusema kwamba mzee amechanganyikiwa, na wengine wangemwamini. Lakini alimtazama Jashvant, mtu mzima aliyeishuku mikono yake mwenyewe kwa ajili ya uongo wa kijana, akakiachia kiti kikaanguka.

Alikwenda akapiga magoti mbele ya Mama Herman. Alieleza yote mbele ya watu: filamu aliyoinunua Herman, tai nyekundu, nyaya zilizoimba. Hakujitetea. Alipofika mahali Herman alipoikunja tai, alirudi nyuma akaanza upya.

Ignas alisimama kwa hasira. "Miaka minne! Miaka minne mtoto wa watu anakubebea mkoba, na umerudi na mabati!"

"Mwache," alisema Mama Herman. Akamgeukia Jashvant. "Hiyo picha ya mwisho unayo?"

Jashvant aliitoa kwenye bahasha. Mama akaiweka juu ya meza ndogo iliyokuwa na mshumaa, akaitazama kwa muda mrefu.

"Ndilo hili gari?"

"Ndilo, mama."

"Mwanangu alikuwa amesimama wapi?"

Stanslaus alinyoosha kidole. Kidole kilipita juu ya gari, kikapita ukingo wa karatasi, kikatua juu ya mbao tupu za meza. "Hapa," alisema. "Hatua tano hivi."

Mama aliweka kiganja chake juu ya mbao zile. Alipozungumza tena hakuwa na hasira. Pengine hasira ingekuwa nafuu.

"Alipoondoka alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, kidevu laini. Baba yake alifuga ndevu. Nikimwombea sijui nimwombee mwenye uso gani. Macho yako yalimwona, Stanslaus, na kioo cha kamera yako kilimwona. Basi niambie wewe. Siku ile, mwanangu alikuwa na ndevu, au amenyoa?"

Stanslaus alifumba macho atafute. Aliiona suti, aliiona tai. Aliliona 417 lote: taa mbili za mbele, ile ya kushoto ina mkwaruzo, madirisha ya ubavuni, angeweza kuyataja yote, dereva mwanamke aliyefunga kitambaa cha maua. Aliona mpaka misumari kwenye mlango. Alirudi chini ya mti, akapandisha macho kutoka kwenye tai, akapandisha tena, na hapakuwa na kitu. Miaka minne alikuwa akimwambia asogee, na sasa alikuwa amesogea.

"Sijui, mama," alisema. "Sikumtazama."

Mama Herman aliichukua ile picha kwa ncha za vidole, akamrudishia, akainuka akaingia ndani. Kesho yake misa ilisomwa mbele ya meza yenye mshumaa peke yake. Stanslaus alisimama mlangoni, na kila mama alipofumba macho kusali, yeye aliyainamisha yake chini, maana alijua ni uso gani unaotafutwa pale na ni nani aliyeuacha barabarani.

Usiache mbachao kwa msala upitao.